Washika Funguo wa Kihenge

Kandida Ngonyani hakuliamini soko lolote la sarafu mpaka aone kwa macho yake ghala lake la ndani likifunguka. Hesabu ziliweza kupikwa. Programu ziliweza kurembwa siku mbili kabla ya mkaguzi kufika. Lakini mlango ukiambiwa funguka, ama unafunguka ama haufunguki.

Hii ilikuwa siku yake ya nne Tukuyu, na mvua haikuwa imekatika tangu ashuke kwenye basi. Siku tatu za mwanzo alizimalizia kwenye seva za Kihenge, soko la sarafu za kidijitali lililotumiwa na watu wa nchi tatu: wauza mchele wa Kyela, wanunuzi wa viazi kutoka ng'ambo ya Tunduma, madereva wa malori wa Kasumulu, walimu wa Karonga waliojiwekea akiba ya uzeeni. Watu laki nne na ushee. Alitafuta sarafu hewa, hakuiona. Alitafuta mikopo ya siri waliyopeana wakubwa, hakuiona. Kila kilichoandikwa kwenye daftari la pamoja, linalosomwa na kila mwenye akiba, kilikuwapo kweli. Katika miaka kumi na mitano ya kukagua masoko ya kanda hakukumbuka kuona nyumba safi namna ile.

"Umebaki mlango tu," alimwambia mkurugenzi asubuhi hiyo. "Leo mnifungulie, jioni niandike daraja lenu, kesho niondoke."

Mkurugenzi, Ambokile Mwasumbi, alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeanza kazi kwenye chama cha wakulima wa chai kabla hajaanzisha Kihenge. Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. Kandida aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Chumba cha kufungulia kilikuwa chini ya jengo. Kulikuwa na viti vitatu vya kuegemea, na juu ya kila kiti kofia ya nyuzi laini na taa ndogo. Washika funguo watatu walikuwa wameshaketi. Wa kwanza alikuwa Yona Sikaponda, dereva mstaafu wa malori. Wa pili mwalimu kutoka Karonga, Tamandani Phiri. Wa tatu bibi mwembamba mwenye kitenge cha rangi ya machungwa, mkunga mstaafu, Atuganile Mwasenga, mwenye umri wa miaka sabini na minane.

"Shikamoo, Bibi," Kandida alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Umetokea wapi?"

"Songea, Bibi."

"Eh! Mbali. Umekula?"

Kandida akacheka, akasema amekula. Kisha akaomba kazi ianze.

Tangu wizi mkubwa wa mwaka 2058, pale mashine mpya zilipojifunza kuvunja kila namba ya siri iliyoandikwa mahali popote, masoko ya kanda yaliacha kuandika funguo. Funguo zilihamia ndani ya watu. Mshika funguo alichagua tukio moja la maisha yake ambalo hawezi kulisahau. Alivishwa kofia, akalikumbuka, na mashine ikachora jinsi ubongo wake unavyowaka anapolikumbuka. Mchoro ule ndio ulikuwa kipande chake cha ufunguo. Vipande vilikuwa vitano, vya watu watano, na vitatu vilitosha kufungua. Hakuna mwizi aliyeweza kuviiba, wala hakuna aliyeweza kumlazimisha mtu kwa bunduki, kwa sababu ubongo wenye hofu hauwaki kama ubongo uliotulia. Sharti kubwa lilikuwa moja: muda wote wa utumishi wake, mshika funguo asimsimulie yeyote tukio lile. Asimwambie mume, wala mtoto, wala padri.

Sauti ya mashine ikaanza kuuliza kwa Kiswahili safi kisicho na mwenyewe. *Kumbuka mahali ulipokuwa umesimama. Kumbuka ulichokisikia.* Maswali saba, yale yale kwa wote, na majibu yalibaki kichwani mwa kila mmoja.

Taa ya Yona ikawa kijani kabla ya swali la nne. Ya mwalimu Tamandani ikafuata. Taa ya Bibi Atuganile ikabaki nyeupe. Swali la saba likapita. Bibi alikuwa amefumba macho kwa nguvu, midomo ikichezacheza kama mtu anayetafuta jina la jirani. Taa ikapepesa, ikawa nyekundu.

"Nimekosea?" Bibi akauliza.

"Hapana, Mama, umechoka tu," Ambokile akamjibu haraka. Akamgeukia Kandida. "Ni hii baridi. Tumwache apumzike, tutajaribu wiki ijayo."

"Mnaruhusiwa mara ngapi?"

Ambokile akasitasita. "Mara tatu. Akikosea mara ya tatu, kipande chake kinajifuta."

"Basi leteni wale wawili wengine. Wako watano, siyo?"

Yona Sikaponda akavua kofia yake taratibu, akasema, "Mkurugenzi, mwambie mkaguzi. Tumechoka na jambo hili."

*

Walikwenda kuzungumzia ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Mshika funguo mmoja alikuwa amefariki miezi minane iliyopita. Mwingine alipatwa na kiharusi wiki iliyofuata. Alipona, anatembea, anacheza na wajukuu, lakini ubongo wake haukuwaka tena kama zamani, na kipande chake kilishajifuta. Walibaki watatu, na kufungua kulihitaji wote watatu. Kusajili washika funguo wapya kulihitaji ghala lifunguliwe na likae wazi dakika kumi. Wakati huohuo kumbukumbu ya Bibi Atuganile ilikuwa imeanza kuchuja. Mara ya mwisho, kabla ya msiba ule, alifungua kwa shida, kwenye jaribio la tatu.

"Tukaogopa," Ambokile alisema. Alikuwa ameketi huku mikono imelala mezani kama si yake. "Tukijaribu akashindwa, basi. Ghala la ndani halifunguki tena milele. Fedha zote zipo, unaziona kwenye kioo, na hakuna mtu duniani wa kuzigusa. Tukasema tumwache apumzike. Mwezi ukapita, na mwingine."

"Miezi minane."

"Miezi minane, dada Kandida. Sikuchukua hata senti."

"Najua. Nimeangalia."

Na kweli alijua, na hilo ndilo lililomuuma. Sheria ya ukaguzi ilimtaka mkaguzi akishajua hatari kubwa aitangaze kwenye daftari la pamoja ndani ya saa sita. Tangazo likishabandikwa halifutiki. Simu laki nne zingelia kwa mpigo.

"Nipe siku tatu," Ambokile akasema. "Nitaleta daktari kutoka Mbeya. Bibi atalala vizuri, atakula vizuri, tutajaribu tukiwa tumejipanga. Ukitangaza leo, ghala la mbele, lile la matumizi ya kila siku, lina sehemu moja ya tano tu. Wenye simu za kasi watachota chote kabla ya magharibi. Atakayebaki mikono mitupu ni yule mama aliyeko shambani asiye na mtandao. Huyo amekukosea nini?"

Kandida alirudia moyoni: Siku tatu. Aliwahi kuombwa siku tatu, miaka sita iliyopita, kwao Ruvuma, na mwenye soko lililoitwa Lulu. Yule naye alisema fedha zipo, akataja akina mama wa mashambani. Kandida alimwonea huruma akampa hizo siku, na siku ya pili mwenye soko alikuwa ameshavuka mto na kila kitu. Tume ya ukaguzi haikumwadhibu Kandida. Ilisema alidanganywa. Lakini mjomba wake, aliyekuwa ameweka Lulu fedha za ng'ombe wake wote, alikufa bila kumsemesha tena.

Ambokile hakuwa mtu yule. Alilijua hilo kwa hakika iliyomshangaza. Ila, akajiuliza, hakika yake ina thamani gani? Alikuwa na hakika vilevile mara ile. Na hata kama mtu huyu ni mwema, kila saa aliyonyamaza ilikuwa saa ambayo mwuza mchele fulani aliweka akiba yake mahali alipoambiwa pana mlango.

"Zuieni watu kuweka fedha mpya," akasema hatimaye.

"Tuseme sababu gani?"

"Ndiyo hiyo shida, mkurugenzi. Mkisema uongo, mmeiba. Mkisema kweli, mmetangaza." Akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro. "Nina mpaka saa tisa. Nataka kumbukumbu zote za usajili wa Bibi, toka siku ya kwanza. Halafu mtu anipeleke kwake."

*

Alizisoma kumbukumbu hizo ndani ya gari, wakipanda kilima kati ya mashamba ya chai. Mashine haikuhifadhi tukio lenyewe, ila ilihifadhi kila kitu kilicholizunguka: tarehe, joto la chumba, sekunde alizotumia Bibi kufungua. Mwaka wa kwanza, sekunde arobaini. Wa pili, arobaini. Wa tatu na wa nne, hivyohivyo. Mwaka wa tano zikaruka ghafla: mia na ishirini. Baada ya hapo zikapanda polepole, kama inavyotarajiwa kwa mtu anayezeeka.

Kandida aliutazama ule mruko. Uzee haupandi ngazi kwa mara moja. Akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akaona. Mwaka wa tano Kihenge kilibadilisha mfumo. Kabla ya hapo maswali yaliulizwa na fundi aliyeketi karibu na kiti, na kwenye fomu ya kila mshika funguo palikuwa na mstari mdogo ulioandikwa *lugha ya usajili*. Kwa Yona, Kiswahili. Kwa mwalimu Tamandani, Kiswahili pia. Kwa Bibi Atuganile, Kinyakyusa.

Mashine mpya haikuujua mstari huo.

Nyumba ya Bibi ilikuwa ya matofali, na baraza pana. Binti yake, Bupe, fundi cherehani wa miaka arobaini na mitano, alikuwa anamenya ndizi huku mama yake amefunikwa shali pembeni.

"Wamemchosha," Bupe akasema kabla hata ya salamu. "Kila akitoka kule anarudi hivi. Dada, mimi nitakuambia ukweli, ile kofia siipendi. Miaka kumi na moja kuna kitu mama anacho hatuambii. Tukimwuliza habari za ujana wake na baba, anafika mahali ananyamaza. Baba ameshakufa. Tungemwuliza nani mwingine?"

"Bupe," mama yake akasema. "Mgeni hajakaa."

Kandida akaketi. Alikuwa amepanga kumzungumzisha Bibi kwa kuzungukazunguka, kama watu wanavyozungumza na wagonjwa. Bibi hakumpa nafasi.

"Nimekosea, siyo? Niambie mimi. Usimwambie Ambokile, wala usimwambie huyu. Niambie mimi."

Kwa hiyo Kandida akamwambia yote: aliyefariki, aliyeugua, miezi minane, mlango, saa tisa, na siku tatu alizoombwa. Bibi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipoinua macho, yalikuwa macho ya mtu aliye kazini.

"Nimezalisha miaka thelathini," akasema. "Kuna wakati unapapasa tumbo unakuta mtoto amekaa vibaya. Mama yake anakutazama usoni. Wenzangu wengine walikuwa wanasema usimwambie, ataogopa, uchungu utaharibika. Mimi nilimwambia pale pale. Kisha nilikuwa simwachi. Nilimshika mkono mpaka mwisho. Anayeambiwa halafu akaachwa peke yake, huyo ndiye anayeharibika."

Kandida alihisi kitu kikilegea kifuani, kitu alichokuwa amekikaza tangu Lulu. Kutangaza na kuondoka, kunyamaza na kungoja: siku zote aliona njia hizo mbili tu. Wakaguzi hutangaza wakiwa tayari wako ndani ya basi.

"Bibi, siku ile ya kwanza kabisa, walikuuliza kwa lugha gani?"

"Kwa kwetu. Alikuwa kijana wa Kiwira, mwenye sauti nzuri. Sasa hivi linauliza lile dude. Kiswahili nakijua, mwanangu, lakini mambo yale hayakutokea kwa Kiswahili."

Kandida akamgeukia Bupe. "Unaweza kusoma maswali kwa Kinyakyusa, taratibu, bila kuongeza neno?"

Bupe alishika kisu na ndizi, akiwa amesahau vyote viwili. "Nitasikia anachojibu?"

"Hapana. Anajibu kimoyomoyo. Utasikia maswali tu."

"Sawa," Bupe akasema. "Nitasoma."

*

Saa saba na nusu mchana Kandida alibandika tangazo. Alilikataa lile la kawaida lenye neno *nyekundu* na namba ya kifungu, akaandika kama anayemwandikia mjomba wake. Aliandika kwamba sarafu zote za Kihenge zipo na amezihesabu mwenyewe. Kwamba mlango wa ghala la ndani huenda usifunguke, na sababu yake. Kwamba utajaribiwa leo saa kumi, na mkaguzi atakuwepo na hataondoka Tukuyu mpaka mambo yaishe. Na kwa kuwa ghala la mbele lina sehemu moja ya tano ya kila kitu, kila mtu ataweza kutoa sehemu moja ya tano ya akiba yake, awe wa kwanza au wa mwisho, awe leo au wiki ijayo. Fungu la mama aliyeko shambani lilikuwa limetengwa.

Wazo hilo la mwisho lilikuwa la Ambokile. Alilitoa akiwa amesimama dirishani, kwa sauti ya mtu aliyeamka. "Kama tungeliwaza mwezi wa kwanza," akasema, "nisingefika hapa."

"Usingefika," Kandida akakubali.

Saa tisa uwanja wa mbele ulikuwa umejaa miavuli. Wengine walikuja kwa pikipiki, wengine kwa miguu, wengi wameshika simu mbele kama taa. Mwanamke mmoja mrefu, mfanyabiashara wa mchele aliyejulikana kote mpakani kwa jina la Sekela, alipanda ngazi bila kuombwa.

"Mkurugenzi ni nani? Atoke!"

Ambokile akatoka bila mwavuli. Mvua ikamnyeshea upara. "Ni mimi, Mama. Nilijua miezi minane. Sikuwaambia kwa sababu niliogopa. Nimekosa, na jambo hili likiisha nitaacha kiti hiki, mfungue au msifungue kesi."

Uwanja ukavuma. Mtu akapiga yowe kwamba akamatwe. Mwingine akasema mwacheni aseme. Sekela alimtazama kwa muda, akionekana kukosa mahali pa kuiweka hasira aliyoibeba kutoka Kasumulu.

"Kwa hiyo sasa kinatakiwa nini?"

Kandida ndiye aliyemjibu. Alisema mlango ukifunguka, utakaa wazi dakika kumi, na ndani ya dakika hizo lazima waandikishwe washika funguo wapya watatu, waungane na Yona na mwalimu Tamandani. Sheria iliwataka wawe watu wenye akiba hapo kwa miaka mitano au zaidi, na wasiwe wafanyakazi. Kihenge kilishindwa kuwatafuta kwa kuogopa kuulizwa sababu.

"Na wanafanya nini hao?"

"Wanakumbuka jambo moja. Na hawalisemi."

Sekela akafyonza. "Mimi kumbukumbu ninazo tele, nyingine ningependa mtu anipunguzie. Niandikeni." Watu wakacheka, kicheko cha kwanza uwanjani siku ile, na nyuma yake zikainuka mikono mingi kuliko ilivyohitajika. Wakamchukua yeye, fundi wa baiskeli kutoka kijiji cha Ushirika, na mtawa mmoja aliyekuwa mhasibu wa hospitali. Wakapelekwa chini, wakachorwa mmoja mmoja, tayari kuandikishwa.

*

Saa kumi kamili Bibi Atuganile alirudi kwenye kiti chake. Safari hii Kandida aliagiza sauti ya mashine iwaulize Yona na mwalimu tu, kisha izimwe. Bupe aliketi nyuma ya kioo, kipaza sauti mbele yake, karatasi ya maswali mkononi.

"Mwanangu," Bibi akamwambia kupitia kioo, "soma kama unavyonisomea barua."

Taa ya Yona, kijani. Ya mwalimu, kijani.

Bupe akasoma swali la kwanza kwa Kinyakyusa. Kandida hakuelewa neno, ila aliona mabega ya Bibi yakishuka. Swali la pili. La tatu. Uso wa Bibi ulikuwa ukibadilika, ngozi yake ikitulia kama maji baada ya upepo. Swali la nne. Taa ilikuwa bado nyeupe. Ambokile, kwenye kona, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. La tano. Bibi akatabasamu akiwa amefumba macho, na taa ikawa kijani.

Hakuna aliyeshangilia. Dakika kumi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, na muda wote huo taa zote tatu zilitakiwa zibaki kijani.

Mtawa akaandikishwa. Fundi wa baiskeli akaandikishwa. Dakika ya sita taa ya Bibi ikapepesa, ikarudi nyeupe nusu, na kwenye kioo cha mashine pakatokea onyo. Kama ingezima, lingekuwa kosa la pili, na wapya wote wangefutika. Tabasamu la Bibi lilikuwa limetoka. Alikuwa amefunua macho, anatazama dari kama asiyejua yuko wapi.

"Amepotea," Ambokile akanong'ona.

Bupe aliitazama karatasi. Kandida akamnyooshea vidole viwili: swali la pili tena. Kulirudia swali kuliruhusiwa, kuongeza neno hakukuruhusiwa. Bupe akamsomea mama yake swali la pili, polepole, na sauti ikamkatika katikati. Akalimaliza. Akalirudia tena.

Bibi akafumba macho. Taa ikasimama kijani.

Sekela ndiye aliyeandikishwa wa mwisho, dakika ya tisa, machozi yakimtoka kwa jambo ambalo hakuna atakayelijua. Mashine ikaufunga mlango yenyewe, ikasubiri kidogo, kisha ikauliza kama washika funguo wapya wanataka kuufungua. Wakaufungua. Wakaufunga. Kandida akawaagiza waufungue mara ya pili, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na ukafunguka.

Ambokile alikaa sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Yona akamsogelea, akamshika bega. Juu yao walisikia uwanja mzima ukipiga kelele, maana taarifa ilikuwa imeshafika kwenye simu.

*

Usiku mzima watu waliendelea kutoa fedha, na asubuhi kikomo cha sehemu moja ya tano kilipoondolewa walitoa zaidi. Karibu mtu mmoja katika kila sita alifunga akaunti yake Kihenge, akalipwa yote. Kandida hakuwalaumu. Kufikia adhuhuri foleni ilikuwa imekwisha, na mtandao ukaanza kuonyesha fedha zikiingia, kidogo kidogo. Dereva mmoja aliweka alichokitoa jana, kilekile.

Daraja alilowaandikia lilikuwa la njano, katikati ya kijani ya salama na nyekundu ya hatari. Ambokile alilisoma akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshaandika barua yake ya kuacha kazi, na kwenye tangazo la daraja Kandida aliitaja miezi minane bila kuipunguza hata siku moja. Lakini aliandika pia kwamba mkurugenzi alibaki, na kwamba alisema kweli mbele ya watu huku mvua inamnyeshea. Vyote viwili vilikuwa kweli, na daftari lilikuwa na nafasi ya vyote viwili.

Kabla ya kupanda basi alipita kwa Bibi kumuaga. Mvua ilikuwa imekatika. Bupe alimtolea kiti, akamletea chai na ndizi za kuchoma, na Bibi akamngoja anywe kidogo ndipo aseme lililokuwa moyoni.

"Mwanangu, lile sharti bado linanishika?"

"Lipi, Bibi?"

"La kutosema."

Kandida akaweka kikombe chini. Hakuwa amelifikiria hata mara moja. "Kipande chako kimefutwa jana saa kumi na dakika kumi," akasema. "Wewe si mshika funguo tena. Unaweza kusema chochote, kwa yeyote."

Bibi akamgeukia binti yake, akaanza kwa Kinyakyusa, na Bupe, bila kumwondolea mama yake macho, akawa anamtafsiria mgeni kwa sauti ya chini.

"Anasema... mgodi ulikuwa umewafukia, baba na wenzake kumi. Makaa ya mawe. Siku tatu. Anasema wanawake tulikuwa tumesimama juu ya kifusi... walikuwa wamesimama. Watu wa serikali walishawaambia waende nyumbani." Bupe akavuta pumzi. "Anasema siku ya tatu akasikia kikohozi. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wote weusi tii, huwezi kumjua wa kwako. Kila mwanamke analia jina la mumewe, na wao hawaoni kwa ajili ya jua. Akatoka mmoja akaja moja kwa moja mpaka mbele yake, akasimama. Hakumkumbatia, alikuwa anaogopa kumchafua. Akamwambia..."

Bupe akashindwa. Akacheka, machozi yakamwagika, akajifuta kwa upande wa kanga.

"Alisema nini?" Kandida akauliza.

Bibi akalijibu mwenyewe, kwa Kiswahili. "Aliniuliza, umekula? Siku tatu yuko chini ya ardhi, ananiuliza mimi kama nimekula. Kwa sababu nilikuwa na mimba ya miezi sita." Akamwonyesha Bupe kwa kidevu. "Ya huyu."

Bupe alikuwa amekwenda kupiga magoti karibu na kiti cha mama yake, kichwa amekilaza mapajani pake, mwanamke wa miaka arobaini na mitano. Bibi akawa anampapasa nywele.

"Na ulikuwa umekula?" Bupe akauliza, sauti ikiwa imezama kwenye kitenge.

"Hata kidogo," Bibi akasema. "Tukaenda tukala."